Mpunga wa Kasongo na ramani tusiyokuwemo

Agosti 2025 ilitimia miaka 20 tangu jarida la Nature lichapishe usomaji kamili wa jeni za mpunga: kromosomu 12, herufi za DNA zipatazo milioni 389, jeni 37,544. Japani ndiyo iliyoongoza kazi hiyo. Kati ya nchi zilizoshiriki hapakuwa na hata moja ya Afrika.

Kamina mwezi huo ulipita kimya. Wali kwetu ni wa harusi na wageni. Siku nyingine ni bukari na sombe. Lakini mji wetu ni njia panda ya reli, na mkono wake mmoja, ule wa Kabalo uliokamilika mwaka 1956, unakwenda Kongolo na Kindu, kwa wakulima wa mpunga. Kabla hatujamwonea Mjapani wivu, tuulize mpunga huo ulifikaje kule.

Uliletwa na Waungwana, watu wa misafara ya pwani waliofuata pembe za ndovu katika karne ya 19. Walipoweka kambi ya kudumu, walipanda. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alimkuta mmoja wao, Juma Merikani, akiwa amekaa Kilemba kwa mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo, katika nchi ambayo leo ni Haut-Lomami yetu. Ila shamba kubwa lilikuwa Maniema, katika mji wa Kasongo, ngome ya Tippu Tip, bwana mkubwa wa misafara hiyo, na jamaa zake.

Shahidi wangu ni daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis, kamanda Mbelgiji, lilipouteka mji huo Aprili 1893. Askari waliingia ghafla, wenyeji wakakimbia na kuacha kila kitu. Hinde anasimulia maghala yaliyojaa mchele, mahindi na kahawa, na shamba moja la mpunga lililomchukua saa moja na nusu kulipita akiwa juu ya mnyama. Saa moja na nusu! Ni kweli Hinde alikuwa upande wa washindi, na mshindi hupenda kukuza alichoteka. Ni kweli pia kwamba mikono iliyolima shamba lile ilikuwa ya watumwa, jambo ambalo wanaousifu mpunga wa Kasongo hulipita haraka. Hata hivyo mbegu ilibaki. Mabwana walikwenda, wakulima wakaendelea kuchagua suke zuri na kulihifadhi kwa msimu ujao.

Wabelgiji walilazimisha kilimo tangu 1917, na mwaka 1933 wakaanzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi, kando ya mto chini ya Kisangani. Huko watafiti walichagua aina bora kwa jicho na mizani. Moja, OS6, ilivuka mipaka ikafika Nigeria, ambako iliitwa FARO 11. Basi kuna wakati wengine walikuja kuchukua mbegu kwetu. Baada ya Uhuru wa 1960 Wabelgiji wakaondoka. Mwaka 1970 taasisi ikawa INERA.

Wenzetu hawakusimama. Mavuno ya mpunga hayatokani na kitu kimoja: kuna idadi ya masuke, punje katika kila suke, na uzito wa punje. Ukizalishanisha aina mbili zisizofanana, kisha ukapima mamia ya wajukuu wake, utaona ni kipande gani cha kromosomu huandamana na suke lililojaa. Vipande hivyo hutambuliwa kwa alama za DNA, na ramani ya kwanza ya alama hizo kwa mpunga ilitoka mwaka 1988. Mwaka 2005, huo huo wa usomaji kamili, Wajapani walilinganisha Koshihikari, mchele wao mtamu, na Habataki yenye punje nyingi. Walikuta jeni waliyoiita Gn1a. Kazi yake ni kuvunja homoni inayochochea punje. Katika Habataki jeni hiyo ni dhaifu, kwa hiyo homoni hujaa na punje huongezeka. Kwa maneno mengine, mavuno yaliongezeka kwa sababu kitu fulani kilikuwa kibovu, jambo ambalo jicho na mizani ya Yangambi visingeweza kulieleza kamwe.

Tangu hapo jeni nyingine za ukubwa na idadi ya punje zimetajwa moja baada ya nyingine. Sisi tunazisoma, kama tunazisoma.

Naona aibu iko hapa: ramani hutafuta tofauti, na tofauti zimo katika mbegu za zamani zilizochaguliwa na wakulima kwa zaidi ya miaka 100. Serikali za majimbo yetu hazihitaji kusubiri mashine ya kusoma DNA. Zimtume afisa wa kilimo mwenye bahasha, kalamu na nauli ya treni, ashuke Kongolo, kisha aende hadi Kasongo, awaulize akina mama wazee mpunga wa zamani unaitwaje na uko wapi, aandike jina, arudi na konzi moja ya kila aina.