Sheria iliyofanya saratani ihesabiwe

Mwaka 1992, mwanamke wa Vermont aliyetaka kujua ni wangapi jimboni mwake wanaougua saratani ya matiti hakuwa na wa kumuuliza. Vyeti vya vifo vilikuwepo, lakini cheti humhesabu aliyekufa. Aliyepona, au anayeendelea na matibabu, hamo. Majimbo 10 ya Marekani hayakuwa na rejista ya saratani, na Vermont ilikuwa mojawapo.

Connecticut, mwendo wa saa chache kusini, walishaamka zamani. Madaktari wa New Haven walishtushwa na vifo vilivyozidi kuongezeka, na mwaka 1941 rejista ya jimbo ikaanzishwa. Hawakuanzia hapo walipofika: mafaili ya hospitali yalipekuliwa hadi kuwapata wagonjwa wa tangu 1935. Uvumilivu ule unanigusa hadi leo.

Kinamama wa Vermont walifikisha kilio chao kwa mbunge wao, Bernie Sanders. Akaandaa muswada wa rejista za saratani, Seneta Patrick Leahy akaupigania upande wa Seneti, na Oktoba 1992 Rais George H. W. Bush akautia saini.

Afya ya jamii Marekani ni mamlaka ya jimbo, kwa hiyo Washington ilitumia fedha badala ya amri: dola 3 kwa kila dola 1 ya jimbo, mradi jimbo litunge au lirekebishe sheria yake. Hospitali iripoti kila mgonjwa. Daktari wa kliniki naye aripoti, maana wapo wanaotibiwa bila kulazwa kamwe. Watu wa rejista wafunguliwe mafaili. Siri ya mgonjwa ilindwe, na anayeripoti kwa mujibu wa sheria asishtakiwe. Kwangu mimi, masharti haya mawili ya mwisho ndiyo yaliyobeba mzigo wote; bila hayo mgonjwa angemhofia mwajiri wake, daktari angeihofia mahakama, na daftari lingebaki na kurasa nyeupe.

Vermont ilianza kuandikisha wagonjwa wake mwaka 1994.

Tundu moja lilibaki. Uvimbe wa ubongo usio wa saratani haukuhesabiwa, ingawa ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada, na hata uvimbe usiosambaa unaweza kupofusha au kuua. Sheria ya 2002 ikauingiza, kwa wagonjwa waliogunduliwa kuanzia Januari 1, 2004. Aliyepewa majibu yake jana yake, sheria hiyo haikumhusu.