Kwa nini betri ya gari inakufa haraka kwenye sola: historia fupi

Huku kambini sola ndiyo stima yetu. Inanyoa nywele, inachaji simu, inawasha taa ya kusomea. Lakini tunaona kitu kilekile kila mara: watu wanachanga pesa, wananunua betri ya gari kwa sababu bei iko chini, na baada ya miezi michache haishiki chaji tena. Halafu lawama zote kwa fundi. Jibu liko kwenye historia.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake, ila hiyo ikiisha, imeisha. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alikunja pamoja mabati mawili ya madini ya risasi, akayatia kwenye asidi, akapata betri ya kuchaji upya. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, akayapaka uji wa risasi, yakabeba umeme mwingi zaidi.

Zamani hizo betri ilifanya kazi ya kutwa. Kuelekea 1900, magari mengi Marekani yalitembea kwa betri, bila petroli. Yale ya petroli yaliwashwa kwa kuzungusha chuma kwa mkono, na chuma hicho kilivunja watu mikono. Ndipo Charles Kettering akatengeneza stata ya umeme, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka nayo. Hapo betri ya gari ikapata kazi mpya: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha injini inaijaza tena. Kazi hiyo inataka pleti nyingi na nyembamba.

Basi ukoo ukagawanyika. Betri ya gari ni mkimbiaji wa mita 100. Betri ya sola, ile inayoitwa dipu saiko, ni mbeba mzigo: pleti zake ni nene, inatoa kidogo kidogo usiku kucha. Wamarekani wanaolala ndani ya magari yao ya safari hutumia hiyohiyo.

Sasa kwetu. Betri ya volti 12 ikijaa na kupumzika inasoma kama 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu, zima mzigo. Ukiimaliza kila usiku na kuiacha hivyo, chumvi inaganda kwenye pleti na haitoki tena.

Paneli nayo lazima itoshe. Betri ya Ah 100 ina kama wati-saa 1,200, na nusu yake ni 600. Paneli ya wati 50 kwa saa tano za jua zuri inatoa 250 tu, yaani betri inalala njaa kila siku. Wati 150 zinatoa 750, hapo inashiba. Usiunge paneli moja kwa moja, pitisha kwenye kontrola: inapandisha mpaka volti 14.4 hivi, kisha inashuka karibu 13.6 kuitunza.

Siku hizi kuna lithiamu ya chuma na fosfeti, iliyotokana na utafiti wa John Goodenough na wenzake uliochapishwa 1997. Inavumilia kutumiwa zaidi ya nusu, lakini bei yake inauma, na kontrola lazima iwekwe kwa aina hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchanga, ulizeni dukani: hii ni ya kuwashia gari au ya sola? Betri mbili za bei rahisi zilizokufa zinaweza kula pesa kuliko moja ya kweli. Mtumie na mwenzako mwenye kinyozi.