Njuga za Mbwa katika Vilima vya Isingiro

Nchi ya Isingiro, iliyotandaa kutoka kusini mashariki ya mji wa Mbarara hadi ukingo wa mto Kagera, haina majira ya baridi wala theluji. Ina mvua za vipindi viwili na ukavu baina yake, na ukavu ulio mkali zaidi ni ule wa Juni hadi Agosti, wakati nyasi za vilimani zinapokauka hata zikavunjika chini ya unyayo, na moto wa wachungaji ukapita juu yake ili majani machanga yapate kuchipua kwa ajili ya ng'ombe. Kanga na kwale, ambao zama za mvua hujitenga kutaga na kulea, katika siku hizo hutembea makundi makundi wakiokota mbegu na wadudu pahala palipoungua, na kila anayewafuata huona mbali kuliko alivyoona mwezi wa Aprili, nyasi zilipokuwa zikimfika kifuani. Huo ndio uliokuwa msimu wa msako katika nchi hiyo, miaka mingi kabla ya serikali yo yote kuandika msimu katika daftari la sheria. Na kwa sadfa ya ajabu, tarehe 12 Agosti, ambayo Waingereza huiadhimisha kuwa siku ya kufungua uwindaji wa ndege wa milima ya Uskochi, huangukia mwishoni mwa ukavu huo huo wa Isingiro, ijapokuwa wao huwinda kuelekea baridi yao, na watu wa Isingiro waliwinda kuelekea mvua yao.

Taarikhi ya nchi hii ni kongwe. Ufalme wa Nkore, ambao katika zama zake za mwanzo ulijulikana kwa jina la Kaaro Karungi, ulianza kuwa dola ndogo ambayo kitovu chake kilikuwa Isingiro hii, chini ya Ruhinda na wazao wake, kabla haujatanuka kuelekea magharibi na kaskazini. Ndani yake waliishi Wahima, wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu, na Wairu, wakulima. Na tofauti baina ya makundi hayo haikuwa ya kazi peke yake bali ya chakula pia, na chakula ndicho kilichoamua nani awinde nini. Mhima wa kale aliishi kwa maziwa na nyama ya ng'ombe. Hakula kuku, wala yai, wala samaki, na katika wanyama wa porini aliwakubali wale wachache aliowahesabu kuwa na ujamaa na ng'ombe, kama nyati. Kasisi John Roscoe, aliyeizunguka nchi hiyo katika safari yake ya mwaka 1919 na 1920 na kuchapisha kitabu chake juu ya Wanyankole, yaani watu wa Nkore, mwaka 1923, ameieleza miiko hiyo kwa urefu. Basi kanga aliyepuruka mbele ya kundi la ng'ombe hakuwa kitoweo machoni pa mchungaji, na uwindaji wa ndege ukabaki kuwa shughuli ya Wairu: ya mkulima aliyelinda ulezi na mtama wake, ya vijana waliotega matanzi katika vijia vya kwale, na ya msasi aliyekuwa na mbwa.

Naona hapa ndipo ilipo sababu ya uwindaji huu kupata wino kidogo sana. Kumbukumbu za ufalme zilikuwa kumbukumbu za ng'ombe na vita, zikighaniwa barazani na watu ambao ndege hawakuwahusu, na msasi wa Kiiru hakuwa na malenga wa kumsifu. Mwenye kutaka kuijua kazi yake hana budi kuanza na chombo kilichokuwa shingoni mwa mbwa wake, nacho ni njuga.

Mbwa wa kienyeji wa nchi za Maziwa Makuu, mwenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama, aghalabu si mwenye kelele awapo kazini, na jamaa zake wa misitu ya Kongo hawabweki kabisa. Hutoa sauti nyingine, lakini si ile ambayo mwenye mbwa angeweza kuifuata umbali wa bonde zima. Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa mimea, alipofika kwa Waazande mwaka 1870, aliwaona mbwa wadogo wa namna hiyo, mikia yao imejikunja, wakiwa na kengele za mbao shingoni, akaeleza kwamba wamevishwa ili wasipotee katika nyasi ndefu. Ada hiyo imeenea kutoka Uele hadi misitu ya Ituri na kutoka Bunyoro hadi Rwanda, njuga ikiwa ya mbao au ya chuma kwa kadiri ya miti na wahunzi wa mahali, na maana yake ni kubwa kuliko kumwonyesha mtu alipo mbwa. Msasi anayesimama pahala palipoinuka na kutega sikio huusoma msako wote bila kuuona: mlio ukija kwa kusitasita, mbwa ananusa ardhi; ukiwa wa mfululizo, ameshika njia ya mawindo na anaifuata; ukifumka kwa vurugu, kitu kimeinuka, na wale waliojipanga chini kwa nyavu, marungu na mikuki hujua upande wa kugeukia. Mbwa aliyevishwa njuga ni mbwa aliyepewa ulimi, na mwenye mbwa hodari, hata akiwa fukara wa kila kitu kingine, hualikwa msakoni na kutengewa fungu lake la nyama.

Sasa natupa jicho Ulaya, kwa kuwa kulinganisha huku kunatufaa. Huko walilea jamii ya mbwa ambao, wanapopata harufu ya ndege aliyejificha, hawamrukii, bali husimama kama waliogandishwa, pua imeelekea alipo, mguu mmoja pengine umeinuliwa, mpaka mwindaji afike. Ustadi huo ulianza katika zama za nyavu, watu walipomtupia juya kwale aliyelala nyasini, na mara nyingine mbwa mwenyewe akafunikwa pamoja naye. Kisha, bunduki za gumegume zilipokuwa nyepesi za kutosha kumpiga ndege aliye hewani, mbwa yule yule akawa mwenzi wa bunduki, na mwaka 1865 Waingereza wakafanya mashindano yao ya kwanza ya mbwa hao pahala paitwapo Southill. Sheria yao ya mwaka 1831 ilikuwa imekwisha weka msimu wa kwale uanze tarehe 1 Septemba na uishe tarehe 1 Februari, hata uwindaji huo ukawa ada ya miezi ya baridi. Na katika misitu ya Ufaransa na Italia, ambako mbwa hupotea machoni kati ya miti, wawindaji wa ndege wa msituni huwavisha mbwa wao njuga. Tofauti iko katika usikivu: msasi wa Maziwa Makuu husubiri njuga ifumke, ilhali Mfaransa husubiri inyamaze, maana njuga ikinyamaza mbwa amesimama, na akisimama ndege yupo. Chombo ni kimoja, na hekima iliyokizaa ni moja. Sioni haki yo yote katika kuiita kazi ya mmoja sanaa ya waungwana na ya mwenziwe ujangili.

Misafara ya pwani ilipofika Karagwe, ng'ambo ya Kagera, katikati ya karne ya 19, ilileta watu ambao fikira zao juu ya mbwa zilikuwa nyingine. Msafiri wa Kizungu Speke alipokaa kwa Mfalme Rumanika wa huko mwishoni mwa mwaka 1861, na Stanley, msafiri mwingine, alipokatiza nchi ya Nkore mwaka 1889 akitoka kumchukua Emin Pasha, gavana wa Ikwatoria aliyekuwa pia mkusanyaji hodari wa ndege, walifuatana na watu wa Unguja na Mrima waliolelewa katika madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini asidhani msomaji kwamba dini iliwakatia watu hao kuwinda kwa mbwa. Aya ya 4 ya Surat al-Maida imehalalisha mawindo yanayokamatwa na wanyama waliofundishwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa, na wasasi wa Unguja wamewinda kwa mbwa kizazi baada ya kizazi, kama Waarabu wa Omani na Ghuba walivyowinda sungura na paa kwa mbwa wa Saluki. Kilichotakiwa ni mbwa awe na elimu. Na katika jambo hilo Mwislamu wa pwani na Mwiru wa Isingiro wangeliafikiana bila mabishano.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kalamu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha bora zisiingie mikononi mwa Waafrika. Mkataba mwingine, uliotiwa sahihi London tarehe 19 Mei 1900 kwa ajili ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika, uliazimia kukataza nyavu na mashimo ya kutegea, na ijapokuwa haukupata kuthibitishwa na dola za kutosha, fikira zake zilijipenyeza katika sheria za makoloni. Nkore ilifunga mkataba wake na Waingereza mwaka 1901. Tangu hapo mwindaji halali alikuwa mwenye leseni, na mwenye leseni aghalabu alikuwa mgeni mwenye bunduki ya marisau, ilhali nyavu, ambazo ndizo zilizokuwa nusu ya kazi ya mbwa mwenye njuga, ziligeuzwa kuwa ushahidi wa kosa.

Sitaki kuwadhulumu wageni hao, kwa maana baadhi yao waliwapenda ndege kwa dhati. Sir Frederick Jackson, aliyekuwa Gavana wa Uganda tangu mwaka 1911, alichapisha mwaka 1926 kitabu kizima juu ya ndege wa kuwindwa wa Kenya na Uganda, na kitabu chake kikubwa zaidi juu ya ndege wote wa nchi hizo kilitoka mwaka 1938, yeye akiwa amekwisha fariki miaka tisa. Kapteni Charles Pitman, mkuu wa idara ya wanyamapori wa Uganda kuanzia mwaka 1925 hadi 1951, aliijua nchi kwa miguu yake. Kwa watu wa namna hii maziwa ya Nakivale na Mburo yalikuwa na shani yake: kuanzia Oktoba hadi Machi, kwao kukiwa na barafu, bata wa Ulaya na ndege wa matopeni wenye midomo mirefu hushuka huku kwa maelfu ya maili, hata ikawa kwamba baridi ambayo Isingiro haina yafika Isingiro kwa mabawa. Jina la Jackson limedumu katika kwale mmoja wa milima ya Kenya. Hakuna ndege aliyepewa jina la msasi wa Kiiru.

Wala mbwa wa wageni hao hawakustawi. Homa ya kupe na ugonjwa wa mbung'o viliwaangamiza mbwa waliotoka Ulaya, katika nchi ambayo mbwa wa kienyeji alikuwa amekwisha izoea. Mbung'o wenyewe wana sehemu kubwa katika taarikhi hii. Baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kuwafyeka ng'ombe, na maradhi kuwapunguza watu, vichaka vilirudi katika malisho na mbung'o wakafuata. Na katika miaka ya 1950 na 1960 serikali, kwa kutaka kuwanyima mbung'o damu, iliwaajiri watu wenye bunduki kuwaua wanyama wa Ankole, ndiyo Nkore, kwa maelfu. Mkulima aliyekatazwa wavu akashuhudia maangamizi ambayo mbwa wote wa nchi hiyo wasingeliyaweza.

Ni katika ardhi hiyo yenye watu wachache ndipo makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalipofunguliwa, mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia mapinduzi ya mwaka 1959 wakatulizwa kando ya ziwa. Walikuja na kumbukumbu ya Ryangombe, shujaa wa mizimu aliye mwindaji, ambaye mama yake alimwonya asiende msakoni, naye akaenda, nyati akamchoma pembe akafa chini ya mti wenye maua mekundu. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali na wengine, hata leo makazi hayo yana watu zaidi ya laki moja, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zao za sokoni. Jirani yao, Ziwa Mburo likafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1963 na hifadhi ya taifa mwaka 1983, wafugaji wakiondolewa kwa nguvu. Miaka michache baadaye eneo lake likapunguzwa kutoka kilomita za mraba 650 hadi 260. Uwindaji wa anasa ulikuwa umekwisha pigwa marufuku nchini tangu mwaka 1979. Sheria ya mwaka 1996 ikazigawa haki za kutumia wanyamapori katika madaraja, daraja A likiwa la kuwinda, na mwaka 2001 wawindaji wa kulipa ada wakaruhusiwa tena, kwa majaribio, katika mashamba ya mifugo yanayolizunguka Mburo, sehemu ya fedha ikipewa wanavijiji.

Mkimbizi hana leseni hiyo wala fedha ya kuinunua, na mbwa wake hulinda mbuzi na shamba la mahindi. Lakini katika hao waliotoka vijiji vya Kivu na Ituri, wamo wazee ambao mbwa mwenye kengele ya mbao si hadithi kwao bali ni ujana wao. Na mtafiti wa Mbarara anayetaka kuijua kazi hii hana haja ya kwenda maktaba za London, maana mwendo wa saa chache humfikisha kwa watu wa kumweleza ni mti gani huchongwa kengele isiyopasuka, mtoto wa mbwa huanza kuvishwa akiwa na umri gani, mbwa mzee hutembezwa vipi pamoja na yule mchanga ili amfundishe, na fungu la mwenye mbwa lilikuwa paja au kifua.