Kitabu cha Mambo ya Kale kwa Mtoto Aliyewapita Wenziwe

Wasikilizaji wangu, leo nataka kusema na wazazi na walimu wa Newala na Tandahimba, juu uwandani, na ndugu zetu wa Masasi huko chini, juu ya mtoto ambaye hakosekani katika shule yo yote. Huyu ndiye amalizaye kitabu cha darasa katika juma la kwanza, na miezi iliyobaki hukaa akitazama dirishani. Baba yake huja akasema, "Mwalimu, mwanangu ataka kusoma habari za kale. Korosho nimeuza, fedha ninayo. Nimnunulie kitabu gani?" Swali hili si dogo. Mtoto wa namna hiyo akipewa kitabu kisichomfaa mara mbili, mara ya tatu haombi tena.

Wengi humpa kitabu kinene chenye majina ya wafalme na miaka yao, wakidhani ya kuwa mwenye akili yampasa kigumu. Mimi sioni hivyo. Kuyaweza maneno magumu si sawa na kustahimili ukavu. Mtoto hodari hutaka kujua ni jambo gani lililotokea, kisha huuliza: na huyu anayesimulia, alijuaje? Kitabu kisichomwacha aulize hayo ni cha mtihani tu.

Kwa hiyo ningependa aanze na Kilwa, maana ni pwani yetu ya kusini, na magofu yake yangalipo. Tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe ya Kilwa iliandikwa zamani kwa Kiarabu. Yasema kwamba Sultani wa Shirazi aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji, akaogopa, akasafiri na wanawe sita katika jahazi saba. Basi mwaka 1552 Mreno João de Barros alitoa kitabu chake, naye asimulia vingine: Ali aliyekuja Kilwa alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, akaona heri aondoke. Wote wawili wakubali kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Mwulize mtoto: ni ipi iliyo kweli, ndoto au dharau? Naye atalala akiwaza.

Kisha mpe Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Yeye ausifu mji kwa uzuri, walakini asema umejengwa kwa miti. Na ile kuta ya mawe ya Msikiti Mkuu, je? Neville Chittick alipofukua huko katika miaka ya 1960, alikuta chini ya majumba ya mawe dalili za watu waliotangulia, wakaao katika nyumba za miti na udongo. Hapo mtoto aona ya kwamba ardhi nayo ni shahidi, na shahidi mmoja hatoshi.

Habari nyingi za namna hii zilikusanywa na Freeman-Grenville katika kitabu kilichotoka mwaka 1962. Humo yamo pia maelezo ya mfanya biashara wa Kiyunani, ya miaka karibu elfu mbili iliyopita, ataja bandari ya Rhapta na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Kitabu ni cha Kiingereza; yampasa mwalimu akae na mtoto jioni mbili tatu, kisha amwachie.

Kwa Kiswahili hasa, sijaona kipitacho Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa Magila kwa sehemu kuanzia mwaka 1895. Mbega mwindaji, aliyefukuzwa kwao kwa kuwa kigego, awa mfalme Usambara! Kiswahili chake ni cha zamani, mtoto atakwama mahali mahali, msimharakishe. Na mtoto wa Kiyao kule Masasi apewe Chiikala cha Wayao cha Padre Yohana Abdallah, kilichotolewa Zomba mwaka 1919, kwa Kiyao na Kiingereza. Mwandishi huyo awapenda mno watu wake, wala hafichi; mtoto atamtambua upesi.

Kiko kimoja nisichoweza kukitanguliza, ingawa chatuhusu kuliko vyote. Karl Weule, Mjerumani, alikaa Newala mwaka 1906, na kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1909. Macho yake kwa vitu ni makali; kwa watu, mara nyingi ni ya mgeni mwenye haraka na kiburi. Mtoto akisome akiisha zoea kuuliza, na atakapofika penye habari za ndonya, akichukue kitabu barazani amfasirie bibi yake, asikie yeye atasemaje.