Ubwari: Rasi Iliyoandikwa Kuwa Kisiwa

Ng'ambo ya Rumonge, kusini mwa Bujumbura, milima ya Ubwari inainuka kutoka katika Ziwa Tanganyika kana kwamba imezungukwa na maji pande zote, na wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliandika kuwa ni kisiwa, ilhali ni rasi, yaani ulimi wa nchi kavu ulioingia ziwani na kushikamana na bara upande mmoja.

Mnamo Aprili 1858 wasafiri hao, Richard Burton na John Speke, waliondoka Ujiji katika mitumbwi miwili waliyoipata kwa Kannena, mkuu wa Kawele. Mtumbwi mkubwa, uliokuwa na urefu wa futi 60 hivi lakini upana wa futi 4 tu, ulikwenda kwa nguvu za wapiga makafi, ambao waliambaa na pwani ya Urundi hadi mahali paitwapo Wafanya, wakavuka kwenda Ubwari, kisha wakaelekea Uvira, soko la pembe za ndovu, watumwa na vyuma, ambalo ndilo lililokuwa kikomo cha wafanyabiashara upande wa kaskazini. Kosa la Burton na Speke la kuiita Ubwari kisiwa lina sababu iliyo wazi: shingo ya nchi inayoiunganisha Ubwari na bara iko kusini, nao walielekea kaskazini, na mtu anayeijua nchi kwa njia ya maji peke yake hana budi kuiona kama kisiwa. Huko Uvira waliambiwa kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, ila hawakufika kujionea wenyewe.

Waliokuja kuuona mto huo ni David Livingstone na Henry Stanley, mnamo Novemba 1871, wakiwa katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo la mvule wa Ugoma. Mwamba wa Mugere, kusini mwa Bujumbura, umechorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, na ghuba iliyo kati ya Ubwari na bara ikaitwa kwa jina la Burton.

Katika mwamba ule hakuna jina hata moja la mpiga makafi, ingawa ni wao waliojua pa kulala, pa kununua chakula na pa kuvukia. Wanahistoria wa Bujumbura wawaendee wavuvi wa Rumonge na wa Ubwari yenyewe, wayaandike majina ya bandari na ya njia za maji kama wenyeji wanavyoyataja.