Chama cha Mfanyakazi, Kabla na Baada ya Saini Yake

Mfanyakazi wa shamba la mpunga la Mbarali, kule Ubaruku jirani na Rujewa, akiwa na malalamiko mwaka 1980 angeyapeleka wapi? Shamba lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970 na lilikuwa mali ya umma chini ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, kwa hiyo mwajiri wake alikuwa serikali. Chama cha kumtetea, JUWATA, kilikuwa jumuiya ya CCM. Kokote alikogeuka alikutana na mkubwa yuleyule.

Haikuanza hivyo. Shirikisho la wafanyakazi, TFL, lilizaliwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Lilidai uhuru pamoja na TANU, ila mambo yake lilijiamulia lenyewe. Uhuru ulipopatikana, serikali iliona migomo inakwamisha ujenzi wa taifa. Viongozi wengi wa vyama waliona mshahara mdogo ni mdogo tu, bendera iwe ya nani. Mwaka 1962, Kawawa sasa akiwa Waziri Mkuu, zikapitishwa sheria za kubana migomo. Mwaka uliofuata Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali.

Kisha yakaja maasi ya jeshi ya Januari 1964. Viongozi wa vyama wapatao 200 walikamatwa wakishukiwa kushirikiana na waasi, TFL ikafutwa, kikaundwa chama kimoja cha taifa, NUTA, kwa sheria ya Bunge. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Sisemi NUTA haikumfaa mtu: enzi hizo ndipo sheria ilipomzuia mwajiri kumfukuza mtu kazi ovyo, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini aliyetendewa vibaya na shirika la umma hakuwa na chama huru cha kumtetea.

NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991 mfumo wa vyama vingi vya siasa ulipokaribia. Mkataba wa kimataifa wa majadiliano ya pamoja, Na. 98, Tanzania iliuridhia mwaka 1962; ule wa uhuru wa kujiunga na chama, Na. 87, ulisubiri hadi 2000.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilianza kutumika Desemba 2006. Inataka chama kisiwe chini ya mwajiri ndipo kisajiliwe, na wafanyakazi 20 wanatosha kukianzisha. Iangalie fomu TUF 6, ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Ni karatasi tu, lakini bila saini ya mfanyakazi ada ya uanachama haikatwi, na anaweza kuiondoa ridhaa yake kwa notisi ya mwezi mmoja. Kizazi cha NUTA hakikuwa na karatasi hiyo.

Palipobaki pagumu ni uwakilishi. Chama kinapata haki ya kujadiliana na mwajiri kikiwa na wengi kati ya wafanyakazi wanaohusika. Katika Usangu, bonde lilimo shamba la Mbarali, ambako mpunga huita vibarua kwa msimu, wengi hao wanahesabiwa lini? Kibarua aliyepalilia mwezi mmoja akaondoka hayumo kwenye orodha ya mishahara chama kinapohesabu wanachama, na mkataba utakaosainiwa baadaye utapanga ujira wa kazi atakayoirudia msimu ujao.