Usugu wa Dawa: Tulikwisha Kuuzuia Mara Moja

Mwaka 1948 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio ya streptomaisini, dawa iliyoleta tumaini la kwanza la kweli kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Wengi walipata nafuu miezi ya mwanzo, kisha vimelea vikawa sugu na hali zao zikazorota tena. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alikuwa amekwisha kuonya katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huvikomaza vijidudu.

Njia ya kuushinda usugu huo ikawa kuchanganya dawa, na mgonjwa kuzitumia kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wangapi waliweza kufika mwisho? Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki majaribio yaliyoonyesha kuwa rifampisini ikiunganishwa na isoniazidi na streptomaisini, miezi 6 inatosha. Historia ya tiba huandikwa mara nyingi kana kwamba sisi Waafrika ni wapokeaji tu. Wagonjwa wa wodi hizo walisaidia kufupisha tiba ya dunia nzima, nao wanastahili kukumbukwa.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikishirikiana na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia. Nguvu ya mpango ule ilikuwa wilayani. Kulikuwa na mratibu anayejulikana, makohozi yalipimwa kwa hadubini, kila mgonjwa aliandikwa kwenye rejista, na kila robo mwaka ilihesabiwa nani amepona, nani amefariki, nani ameacha dawa. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuueneza katika mataifa mengine.

Malaria haikupata ulinzi wa namna hiyo. Klorokwini ilimezwa kwa kila homa, mara nyingi bila kipimo, vimelea vikawa sugu, hata mwaka 2001 Tanzania ikalazimika kuiacha na kuhamia SP (sulfadoksini na pirimethamini). Hiyo nayo haikudumu. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ghali kuliko zote mbili.

Upande wa mifugo, Uswidi ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia wanyama mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake mwaka 2006. Mwaka 2015 Baraza la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziandae mipango ya kitaifa ya kudhibiti usugu ndani ya miaka miwili. Kenya na Tanzania zilitoa ya kwanza mwaka 2017, na sasa zinatekeleza ya pili. Mipango hiyo kuwaketisha madaktari wa binadamu na wa mifugo meza moja ni hatua kubwa, kwa sababu dawa anayochomwa ng'ombe wa maziwa ni ndugu wa ile anayopewa mtoto mwenye nimonia.

Lakini nikiilinganisha mipango hii na ule wa 1977, naona pengo kwenye rejista. Hospitali nyingi bado zinatibu maambukizi bila kuotesha vimelea maabara, hivyo daktari anakisia dawa na taifa linakisia ukubwa wa tatizo. Duka la Dawa Muhimu, utaratibu ulioanzia Ruvuma, Tanzania, mwaka 2003, liko karibu na mgonjwa kuliko hospitali yoyote, na muuzaji wake amepata mafunzo. Mauzo yake ya viuavijasumu yangeweza kuandikwa na kufika kwa mfamasia wa wilaya kila robo mwaka, kama zilivyofika hesabu za kifua kikuu.

Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na Afrika Magharibi ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo. Septemba 2024 viongozi waliokutana Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Ahadi hiyo inadai vitendanishi vya maabara visivyokatika, mtaalamu wa kuotesha vimelea katika hospitali ya wilaya, na fungu la fedha kwenye bajeti ya halmashauri lenye jina la kazi hiyo.